Bandari ya Karema: Vihisi vinavyoweza kulinda lango la Katavi, na mambo ambayo haviwezi

Saa nane usiku, ufukwe wa Karema. Ziwa Tanganyika limejaa taa za wavuvi wa dagaa, utadhani mji umejengwa juu ya maji. Katikati ya taa hizo kuna boti moja isiyo na taa, inaelekea gatini taratibu. Inaweza kuwa ya mvuvi aliyeishiwa betri, au ya mfanyabiashara anayekwepa ushuru. Inaweza pia kuwa ya watu wenye silaha.

Mlinzi aliyesimama gatini na tochi hawezi kujua. Swali hilo dogo, "ile ni nani?", ndilo linalozifanya bandari duniani zitumie fedha nyingi kununua rada, kamera za joto, vipimo vya maji na masikio ya chini ya maji. Kwa pamoja vifaa hivyo huitwa vihisi.

Makala haya yanaeleza vihisi hivyo vinavyofanya kazi, kipi kinafaa mazingira ya Ziwa Tanganyika, na kwa nini kifaa peke yake hakitoshi.

Kwa ufupi

- Bandari ya Karema, wilayani Tanganyika, ni lango la Mkoa wa Katavi kuelekea Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo (DRC).
- Vitisho vyake si silaha tu. Kuna wizi, magendo, ajali, dhoruba, na ziwa lenyewe kupanda na kushuka.
- Rada haioni ziwa zima, na boti ya mbao huionea kwa shida.
- Kihisi hakizuii mwizi, kinatoa taarifa tu. Ulinzi unaanza pale mtu anapoipokea taarifa hiyo na kuchukua hatua.

Karema ni wapi, na kwa nini ni nyeti?

Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Rukwa, makao makuu yakiwa Mpanda. Kutoka Mpanda hadi Karema ni safari ya zaidi ya kilomita 100 kuelekea magharibi, hadi barabara inapokutana na ziwa.

Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA) ilijenga hapo bandari mpya kwa gharama ya karibu Sh bilioni 48, na ujenzi ulikamilika mwaka 2022. Ng'ambo ya ziwa iko Moba, umbali usiofika kilomita 100, na kaskazini magharibi iko Kalemie. Zote ni bandari za Congo.

Kwa ramani utaona faida yake haraka. Reli ya Kaliua–Mpanda, iliyojengwa miaka ya mwisho ya 1940 ili kusomba madini ya risasi ya machimbo ya Mpanda, inaishia Mpanda. Katika mipango ya reli ya kisasa ya SGR limo tawi la Kaliua–Mpanda–Karema. Likikamilika, mzigo utatoka Dar es Salaam kwa treni, utapakiwa melini Karema, na kushushwa Congo bila kuzunguka kupitia nchi nyingine.

Hiyo ndiyo maana ya miundombinu nyeti: kitu ambacho kikisimama, vingine vingi vinasimama nacho. Gati likiharibika Karema, tajiri wa Dar anapata hasara, ndiyo. Lakini hata mama muuza mchele wa Mpanda, dereva wa lori na mbeba mizigo wa kutwa wanakosa riziki siku hiyo hiyo.

Bandari ya ziwani inakabiliwa na nini?

Watu wakisikia "ulinzi wa bandari" hufikiria mabomu na magaidi. Karema na bandari nyingine za Ziwa Tanganyika zina orodha yao, na mengi yaliyomo ni ya kila siku.

*Uporaji majini.* Kwa miaka mingi wavuvi wa Kigoma, Katavi na Rukwa wamelalamikia watu wenye silaha wanaowavamia usiku na kuondoka na injini za boti, nyavu na mafuta. Mashariki mwa Congo kuna makundi mengi yenye silaha, na ziwa halina uzio.

*Magendo na uvushaji wa watu.* Ufukwe ni mrefu na vijiji vinavyoweza kupokea boti ni vingi. Bandari yenye lango, Forodha na Uhamiaji ni sehemu ndogo tu ya ufukwe huo.

*Wizi na uharibifu ndani ya bandari.* Mafuta, nyaya, vipuri na betri za sola huibwa kimyakimya, na mara nyingi mwizi anaijua bandari vizuri.

*Ajali.* Meli ikikosea kuingia na kugonga gati, hasara inaweza kuwa kubwa kuliko ya wizi wa mwaka mzima.

*Ziwa lenyewe.* Upepo mkali, mawimbi, tetemeko la ardhi, na kina cha maji kinachobadilika. Hili tutalirudia, kwa sababu ndilo linalosahaulika kuliko yote.

Ziwa hili lilishatoa somo, mwaka 1915

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani ndio waliokuwa na nguvu katika Ziwa Tanganyika. Walikuwa na meli ya Graf von Goetzen, ambayo leo tunaijua kama MV Liemba, pamoja na vyombo vidogo kama Kingani na Hedwig von Wissmann.

Waingereza walisafirisha boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa meli, reli na kukokotwa porini kutoka Afrika Kusini hadi karibu na mdomo wa mto Lukuga, pale ilipo Kalemie ya leo. Wajerumani walishuku kuna jambo linaandaliwa ng'ambo, lakini hawakupata picha kamili. Desemba 26, 1915, Kingani ilitekwa. Februari 9, 1916, Hedwig von Wissmann ikazamishwa.

Mwenye meli kubwa alipigwa kwa sababu hakujua kilichokuwa kikiendelea upande wa pili wa maji. Miaka zaidi ya 100 imepita, na ziwa ni lile lile.

Rada: inaona hadi wapi?

Rada inarusha mawimbi ya redio, kisha inasubiri yarudi baada ya kugonga kitu. Kwa kupima muda yaliotumia kurudi, inajua kitu hicho kiko umbali gani. Inafanya kazi usiku, na inaona kwenye ukungu pale ambapo jicho limeshindwa.

Tatizo la kwanza ni dunia kuwa ya mviringo. Mawimbi ya rada husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kitu kilicho mbali hujificha nyuma ya mkunjo wa maji. Ukiweka rada juu ya mnara wa mita 30, boti yenye kimo cha mita 1 juu ya maji itaonekana ikiwa ndani ya takriban kilomita 26. Ikiwa mbali zaidi ya hapo, hata ununue rada ya bei gani, haionekani. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na upana wa wastani wa kilomita 50. Rada moja ya Karema italinda maji ya jirani, si ziwa.

Kuna njia ya kusogeza upeo huo: kupandisha rada juu. Ukingo wa ziwa hili una milima, na kilima kinampa mlinzi kimo ambacho mnara ungekipata kwa gharama kubwa.

Tatizo la pili ni mbao. Chuma hurudisha mawimbi vizuri, mbao hurudisha kidogo sana. Boti ya mbao kwenye mawimbi makubwa inaweza kupotea kabisa kwenye kioo cha rada, na boti nyingi za ziwa hili ni za mbao.

Dawa yake ni rahisi kushangaza. Vipande vya bati au alumini vikiunganishwa kwa pembe za mraba na kufungwa juu ya mlingoti hurudisha mawimbi kule yalikotoka. Kifaa hicho huitwa kiakisi cha rada. Hakitumii umeme, na kinamsaidia mvuvi mwenyewe: meli kubwa inamwona kabla haijamgonga.

AIS: meli inayojitaja jina

Rada inakuambia "kuna kitu". Haikuambii ni nani. Hapo ndipo inapoingia AIS, mfumo wa utambulisho wa vyombo vya majini.

Meli yenye AIS hutangaza kupitia redio ya VHF jina lake, namba yake, mahali ilipo, mwendo wake na inakoelekea. Kwa sheria za kimataifa, meli za uzito wa tani 300 na kuendelea zinazosafiri kati ya nchi na nchi zililazimika kuwa na kifaa hiki kufikia mwisho wa mwaka 2004. Kipo pia kidogo zaidi, cha daraja B, kinachofaa boti ndogo.

Faida kubwa ya AIS ni kulinganisha. Rada ikionyesha vyombo kumi na AIS ikataja majina tisa, mlinzi anajua aangalie wapi.

Lakini AIS inategemea ukweli wa nahodha. Anaweza kuizima, na wapo wanaotangaza mahali pa uongo. Na boti ya mbao ya mtu wa kawaida haina AIS kabisa, ila kutokuwa nayo hakumfanyi mwenye boti kuwa mhalifu. Ukimchukulia kila asiye na kifaa kama adui, utawakamata wavuvi wote wa Ikola na Karema kabla hujamkamata mwizi mmoja.

Kamera za joto na taa za dagaa

Kamera ya joto haihitaji mwanga. Inapima joto linalotoka kwenye kitu, hivyo mwili wa mtu na injini iliyotoka kufanya kazi huonekana ving'avu hata giza likiwa totoro. Kwa eneo la gati, matangi ya mafuta na uzio, hiki ni kati ya vihisi vyenye manufaa zaidi.

Ziwa Tanganyika lina faida yake hapa. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi siku za giza, kwa sababu taa zao ndizo zinazovuta samaki. Mbalamwezi ikiwaka, wengi hupumzika na kushona nyavu. Yaani ziwa lina ratiba, na ratiba hiyo iko angani kwa kila mtu kuiona.

Mfumo wa ulinzi ukifundishwa ratiba hiyo, unajua kipi ni cha kawaida. Taa mia usiku wa giza si habari. Boti tatu zisizo na taa, usiku wa mbalamwezi, zikiwa zimesimama karibu na gati, hiyo ni habari. Hata setilaiti zinazopiga picha za usiku huziona taa za wavuvi kutoka angani, na watafiti huzitumia picha hizo kufuatilia uvuvi.

Chini ya maji

Sona inafanya kazi kama rada, ila inatumia sauti. Inaweza kumwona mzamiaji anayesogea kwenye nguzo za gati, mchanga uliojaa kwenye njia ya meli, au gogo lililozama.

Ziwa Tanganyika ni la pili kwa kina duniani, likifika mita 1,470, na maji yake yamepangika kwa matabaka: ya juu yana joto, ya chini ni baridi. Sauti ikipita kutoka tabaka moja hadi jingine hupinda, hivyo sona iliyopangwa kwa maji ya pwani ya Dar es Salaam lazima ipimwe upya hapa. Kwa upande mwingine, maji ya ziwa hayana chumvi ya bahari inayokula vyuma, na huwa maangavu, jambo linalosaidia kamera za majini. Adui wa kamera hizo ni mwani: kioo kisiposafishwa, baada ya muda kinapofuka.

Teknolojia nyingine ya kuangaliwa ni mkongo wa mawasiliano wenyewe kugeuzwa sikio. Mwanga ukirushwa ndani ya mkongo, sehemu ndogo hurudi nyuma. Mkongo ukitikiswa, mwanga unaorudi hubadilika, na mashine inaweza kujua mtikisiko umetokea kilomita ya ngapi. Nanga inayoburutwa hugunduliwa kabla haijaufikia mkongo. Mpango wa kulaza mkongo chini ya ziwa hili kati ya Kigoma na Kalemie umeshatangazwa, kwa hiyo jambo hili halitabaki kuwa la Ulaya tu.

Kipimo kidogo kinachosahaulika: kina cha maji

Kama bandari ya ziwa hili ina fedha za kununua kihisi kimoja tu, kuna hoja nzuri ya kuanza na kipimo cha kina cha maji. Hakina sifa kwenye picha. Ni kifaa kidogo kinacholala chini ya maji na kupima mgandamizo, au kinachofungwa juu ya gati na kupima umbali hadi usoni mwa maji.

Sababu iko kwenye historia ya Karema yenyewe. Agosti 1879, Kapteni Cambier kutoka Ubelgiji, akitumwa na Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika ya Mfalme Leopold II, alianzisha kituo Karema, karibu na maji. Lakini muda mfupi kabla ya hapo, mto Lukuga, mlango pekee wa maji ya ziwa kutoka, ulikuwa umefunguka baada ya kuzibwa kwa tope na majani. Ziwa likaanza kushuka. Katika miaka kama 15 lilishuka kwa karibu mita 10, na kituo kilichojengwa kando ya ziwa kikaachwa mbali na maji. Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, walikikuta hivyo walipokabidhiwa Karema mwaka 1885: ziwa linarudi nyuma.

Miaka ya karibuni imekuwa kinyume. Mwaka 2020, 2021 na tena 2024 maji yalipanda sana, yakafunika sehemu za ufukwe wa Bujumbura, Uvira na Kigoma. Nyumba, barabara na mialo ikaingia majini.

Kwa bandari, mita 1 ya maji ni jambo zito. Maji yakipanda, mawimbi yanafika pale ambapo mhandisi hakutarajia, na nyaya za umeme zinalowa. Yakishuka, meli iliyopakia inagusa chini. Kipimo kinachosoma kila saa kinampa msimamizi miezi ya kujiandaa, kwa sababu ziwa kubwa hivi halipandi kwa siku moja.

Kando ya kipimo cha maji kuna vipimo vya upepo na vya mtikisiko. Ziwa Tanganyika liko kwenye Bonde la Ufa. Desemba 5, 2005, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea ziwani, likabomoa nyumba Kalemie na kusikika hadi Nairobi. Kihisi cha mtikisiko kwenye nguzo za gati hakizuii tetemeko. Kinamwambia mhandisi asubuhi yake kama gati limesogea, na kama ni salama kuruhusu lori la kwanza kupita.

Yaliyotokea kwingine

Mei 12, 2024, Watanzania wengi waliamka na intaneti imekata. Mikongo ya EASSy na Seacom ilikuwa imekatika baharini, upande wa kusini mwa Afrika, maelfu ya kilomita kutoka Mpanda. Hata wakala wa fedha wa mtaani alilihisi. Tukio hilo lilionyesha kwamba kitu kilicho chini ya maji ya mbali kinaweza kusimamisha biashara ya mji usio na bahari.

Kule Bahari ya Baltiki, Desemba 25, 2024, waya wa umeme wa Estlink 2 kati ya Finland na Estonia ulikatika. Kumbukumbu za AIS zilionyesha meli ya mafuta, Eagle S, ikipita pale pale muda ule ule. Walinzi wa Finland wakaipanda na kuisimamisha. Ilikuwa kazi nzuri ya vihisi. Lakini Oktoba 2025 mahakama ya Helsinki iliitupa kesi, ikisema haina mamlaka juu ya tukio lililotokea nje ya maji ya nchi. Vihisi vilitoa ushahidi, na sheria ikashindwa kuubeba.

Hilo linahusu Ziwa Tanganyika moja kwa moja. Linamilikiwa na nchi nne: Tanzania, Congo, Burundi na Zambia. Rada ya upande mmoja ikimwona mwizi akivuka mstari wa mpaka, kinachofuata ni simu kwa maofisa wa upande wa pili. Kama hakuna makubaliano ya nani anampigia nani, mwizi ameshinda.

Nchi hizi zinaweza kukubaliana. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi zilisitishwa ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Kama nchi zimeweza kuelewana kuhusu dagaa, zinaweza kuelewana kuhusu taarifa za boti zinazotiliwa shaka.

Kengele ya uongo ni hatari kuliko kukosa kengele

Katavi ni nchi ya viboko. Kiboko akitoka majini usiku kula majani, kamera ya joto itamwona, na kihisi cha uzio kitapiga kelele. Mamba naye atapita. Radi za msimu wa mvua zitatikisa nyaya.

Kengele ikilia mara kumi kwa usiku na mara zote ni kiboko, ya kumi na moja haitamwamsha mtu. Mlinzi ataizima ili apumzike, na usiku huo ndio mwizi atakuja.

Kwa sababu hiyo mifumo mizuri husubiri vihisi viwili vikubaliane kabla ya kumwita mtu. Rada iseme kuna kitu, na kamera ithibitishe umbo lake. Na baada ya kila kengele ya uongo, iandikwe na mfumo urekebishwe.

Kutoka kihisi hadi boti

Ulinzi wa vihisi ni mnyororo wenye pete tano:

1. Kihisi kinagundua.
2. Taarifa inasafiri bila kukatika.
3. Mtu mwenye mafunzo anaisoma na kuamua.
4. Boti yenye mafuta na watu inatoka.
5. Tukio linaandikwa ili litumike mahakamani na kwenye mafunzo.

Pete ya kwanza ndiyo inayozinduliwa kwa sherehe. Ya pili na ya nne ndizo zinazokatika. Mpanda iliishi kwa umeme wa jenereta kwa miaka mingi, na vijiji vya ufukweni vinajua maana ya mtandao kupotea mvua ikianza. Kwa hiyo kila kihisi kinahitaji sola na betri yake, kinga ya radi, na njia mbili za kutuma taarifa, mfano mtandao wa simu na redio. Boti ya doria isiyo na mafuta inaigeuza rada ya mamilioni kuwa televisheni.

Kuna pia suala la nani anaamua. Bandarini wapo TPA, Polisi, Forodha na Uhamiaji. Usalama wa vyombo vya majini uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na maonyo ya upepo yanatoka Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA). Kanuni za kimataifa za usalama wa meli na bandari, ISPS, zilizoanza kutumika Julai 1, 2004, ziliandikwa kwa ajili ya bahari, lakini wazo lake la msingi linafaa hata ziwani: kila bandari iwe na ofisa mmoja wa usalama anayejulikana, na mpango ulioandikwa. Saa nane usiku si muda wa kuuliza ni kazi ya nani.

Wavuvi ni vihisi pia

Hakuna rada inayolijua ziwa kuliko mtu aliyelala juu yake miaka ishirini. Mvuvi anaitambua boti ngeni kwa mlio wa injini. Anajua nani hakurudi jana. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, tayari vipo kwenye mialo, na vina orodha za boti na wamiliki.

Lakini mvuvi hatoi taarifa kwa mtu anayemwogopa. Akipiga simu kueleza boti ngeni, kisha yeye ndiye akawekwa ndani kwa maswali, hatapiga tena, wala jirani yake. Akiporwa injini na hakuna aliyekuja, hatapiga pia. Imani ya watu ndiyo sehemu ya mfumo isiyouzwa dukani.

Ipo na haki ya faragha. Kamera inayoangalia gati inaangalia pia wanawake wanaoteka maji na watoto wanaooga. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za watu zikusanywe kwa sababu maalumu na zitunzwe vizuri. Kuwaambia wanakijiji kamera iko wapi, inaangalia nini na nani anatazama, kunapunguza maneno na kuongeza ushirikiano.

Bandari yenye fedha kidogo ianzie wapi?

- Kwanza, kipimo cha kina cha maji na cha upepo. Ni vya bei nafuu, na vinafanya kazi kila siku.
- Pili, taa nzuri na kamera za joto kwenye gati, mafuta na uzio.
- Tatu, redio za VHF na viakisi vya rada kwa boti za mbao, kwa kushirikiana na BMU.
- Nne, kipokezi cha AIS, kisha rada juu ya kilima.
- Tano, sona na droni, pale ambapo pete nyingine zote za mnyororo zimekamilika.

Kwenye kila hatua, bajeti ya matengenezo, mafuta na mafunzo iandikwe kabla ya bei ya kifaa.

Turudi kwa ile boti isiyo na taa. Kwenye bandari iliyojipanga, rada imeiona ikiwa bado mbali. Kamera ya joto imeonyesha watu wawili na injini iliyopoa. Mtu wa zamu ameita kwa redio, hakujibiwa, akampigia kiongozi wa BMU. Jibu limekuja kwa dakika chache: ni vijana wa hapa hapa, injini imewafia tangu jioni. Boti ya doria inatoka, safari hii kwenda kuwavuta nyumbani.

Usiku mwingine jibu litakuwa tofauti, na boti ile ile itatoka kwa kazi nyingine.